Mlio Asiousikia Baba

Gari langu lilianza kulia mwishoni mwa msimu wa joto, mwaka ule nilipohamishiwa kikazi Qurum, mtaa wa mjini ulio karibu na pwani. Lilikuwa likilia kila nikikanyaga breki kidogo: kwenye taa, kwenye matuta, kwenye foleni ya kuingia maegesho. Haukuwa mlio wa chuma kusaga chuma, ule ningeuogopa. Huu ulikuwa mwembamba, mrefu, unapanda, unakaa juu, halafu unakatika ghafla gari linaposimama. Watu waliokuwa wakivuka barabara waligeuka kunitazama. Mlinzi wa zahanati ninapofanya kazi ya ufamasia alizoea kuninyanyulia kizuizi kabla hajaniona. Daktari mmoja wa meno, mtu wa masihara, akaniambia asubuhi moja, "Karibu. Tumeshakusikia tangu uko barabarani."

Nilicheka naye, lakini moyoni niliona haya. Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Sikupenda kutangazwa.

Sisi tunakaa Al Amerat, ng'ambo ya milima, katika nyumba aliyoijenga baba. Kila siku napanda mlima, nateremka mjini, na jioni narudi njia ile ile. Mtu anayeteremka mteremko ule kila asubuhi hawezi kudharau breki. Nikalipeleka gari gereji. Fundi akabadilisha pedi za breki za mbele, yale mabamba mawili yanayolibana diski la gurudumu ili gari lisimame. Siku nne kimya, ya tano mlio ukarudi. Nikaenda gereji nyingine. Huko wakalikwangua diski, wakatia pedi mpya tena, na fundi akafuta mikono kwa tambara akaniambia, "Mafi mushkila," hakuna tatizo. Tatizo likarudi baada ya wiki.

Miezi miwili nilihangaika hivyo, na baba yuko nyumbani, na sikumwambia.

Lazima nieleze kwa nini, maana baba yangu ni fundi. Alifanya kazi Rusayl, katika kiwanda cha kukata marumaru, tangu alipokuwa kijana hadi alipostaafu. Yeye ndiye aliyekuwa akiangalia mashine zote: misumeno mikubwa inayopasua jiwe, mashine za kusugua na kung'arisha, mikanda ya kubebea vipande. Siku hizo nani alikuwa na habari ya viziba masikio? Walitia pamba, au hawakutia kitu. Msumeno wa marumaru unapiga ukelele ambao ukitoka nje unabaki nao kichwani mpaka nyumbani. Baba alibaki nao miaka yote hiyo, na kidogo kidogo masikio yakamwachia. Sauti nzito anazisikia bado: lori, ngurumo, mlango ukibamizwa. Sauti nyembamba zimeondoka zote. Ndege, yeye hawasikii. Simu ikilia mfukoni mwake, mama ndiye anayemwambia. Ukimwambia "simba" yeye anapata "imba", kisha anatafuta maana kwenye uso wako. Alipewa vifaa vya kutia masikioni akavivaa siku tatu, akasema vinamletea kelele za sahani tu na maneno ya watu hayaji. Akavitia kwenye droo.

Kwa hivyo niliona, mtu asiyesikia mlio atautibu vipi? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na leo ninapoandika naona aibu yake kuliko aibu ya lile gari.

Ni mama aliyeitoa siri. Ijumaa moja nilirudi kutoka dukani, nikapunguza mwendo mbele ya nyumba, gari likalia mtaa mzima. Mama alikuwa kwenye baraza anachambua mchele, baba kakaa karibu yake anasoma. Mama akanyanyua kichwa, akasema, "Aka! Gari gani hili, linalia kama paka kabanwa mlangoni?"

Baba akamtazama mama, kisha akanitazama mimi. "Kitu gani kinalia?"

"Breki, baba!" nikapaza sauti. "Breki zinapiga kelele! Nimeshakwenda gereji mbili!"

Akanyanyua mkono taratibu. "Usinipigie kelele, mwanangu. Nitazame usoni, useme pole pole. Tangu lini?"

Nikamwambia tangu lini. Hakuuliza kwa nini sikumwambia. Aliuliza, "Mlio wenyewe vipi? Niigizie."

Nikiwa nimesimama barazani, mtu mzima, mfamasia, nikauigiza mlio wa breki zangu. Mama akacheka mpaka punje za mchele zikamwagika. Akasema, "Huyu hasikii hata mwadhini, leo atautengeneza mlio." Alisema kwa mapenzi, miaka arubaini wamekaa pamoja, na huo ndio mtindo wao. Lakini baba alikuwa akiitazama midomo yake, na niliona kuwa ameyapata maneno yale. Aliinuka, akaniambia nimfuate jikoni.

Meza yetu ya jikoni juu ni kipande cha marumaru alichokileta baba mwenyewe kutoka kiwandani. Akaniambia niioshe vizuri kwa sabuni na niikaushe, na vidole vyangu pia. "Haya, bonyeza kidole juu yake, ukisukume mbele. Pole pole. Kisimamishe, usikilaze."

Nikasukuma. Kidole hakikwenda sawasawa. Kilikwenda kwa kurukaruka, kinakwama na kuachia, kinakwama na kuachia, nikasikia kwenye kifundo cha kidole mtetemo mdogo, na juu ya jiwe sauti kama ya kiatu kipya.

"Unaona," akasema. "Kidole kimenasa, lakini mkono unakwenda. Kidole kinajipinda kama upinde. Halafu kinashindwa, kinaachia, kinaruka, kinanasa tena mbele. Wewe unadhani vitu viwili vikisuguana vinateleza tu. Haviendi hivyo. Vinashikana na kuachana, vinashikana na kuachana, na kila vikiachana vinatikisika. Vikifanya haraka sana, mara elfu kwa kufumba jicho, ule mtikisiko ndio mlio wako. Hapana mlio usiokuwa na mtikisiko. Mie mlio siusikii. Mtikisiko naupata."

Akautia mkono wake mzito juu ya meza, karibu na wangu. "Sukuma tena." Nikasukuma tena, na yeye akafumba macho, vidole vyake vimelala juu ya jiwe. "Naam," akasema. "Nnakusikia."

Hapo nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa. Nilipokuwa mdogo, siku moja ya mkesha wa sikukuu mama alinichukua tukampelekea chakula kiwandani. Nilimwona baba kasimama kando ya mashine, haitazami, kaigusa kwa ncha za vidole vitatu, kama daktari anayepima mshipa wa mgonjwa. Wenzake wamesimama kimya wanamngoja. Kisha akaonesha mahali kwa kidole, wakaizima mashine, wakafungua hapo hapo alipoonesha. Nilikuwa nikidhani baba wote wanafanya hivyo.

Hakuligusa gari siku ile. Alinipa daftari dogo na akaniambia, "Wiki hii wewe ndiye masikio yangu. Kila likilia, uandike: wapi, saa ngapi, umekanyaga sana au kidogo, ulikuwa kwenye mwendo gani, hewa ilikuwaje."

"Hewa, baba?"

"Hewa. Kavu au mbichi."

Nikaandika wiki nzima. Mafundi wa gereji mbili hawakuniuliza hata moja katika hayo, na mimi mwenye gari sikuwa nimejiuliza. Jumapili: mteremko wa mlima, nimekanyaga kwa nguvu, kimya. Qurum, taa ya kwanza, nimegusa tu, mlio mkubwa. Jumatatu: Qurum asubuhi, ukungu wa bahari umekaa kwenye vioo, mlio kila nikisimama. Jioni Al Amerat, hewa kavu, mlio mara moja tu mbele ya nyumba. Jumanne hivyo hivyo. Ilipofika Jumatano niliweza kubashiri: nikipita karibu na pwani asubuhi, mwendo mdogo, mguu mwepesi, litalia. Nikibana kwa nguvu, linanyamaza. Nilianza kuusikiliza mlio wangu badala ya kuuonea haya, na hilo pekee lilinipunguzia nusu ya mzigo.

Alhamisi jioni baba alisoma daftari kwa miwani, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. "Umeandika vizuri," akasema. "Ukibana sana, pedi inashikwa, haina nafasi ya kucheza. Ukigusa tu, inacheza. Na ule unyevu wa pwani unaifanya inase zaidi. Kitu kimelegea huko ndani. Kuna kitu kilichokuwa kikiituliza, na sasa hakipo."

Jumamosi tuliamka, tukasali alfajiri, na kabla jua halijachoma tukaliingiza gari kwenye kivuli cha uani. Baba akainua upande wa mbele kwa jeki, akatia vigogo chini kwa usalama, akatoa magurudumu yote mawili. Mimi akaniweka kwenye kiti cha dereva. Kwa kuwa asingenisikia, tulipatana kwa ishara: kiganja chini, nikanyage, kidole gumba na cha shahada vikikaribiana, nipunguze. Nikawa nakanyaga kiasi cha kugusa tu, na yeye anazungusha diski kwa mkono, vidole vya mkono wa pili kaviweka kwenye chuma kinachozishika pedi. Alianza upande wa kulia. Akazungusha, akatikisa kichwa. Akahamia kushoto. Akazungusha mara moja tu, akafumba macho. Akarudia. Kisha akaniita kwa mkono nishuke.

"Weka vidole hapa."

Nikaweka. Akazungusha diski, na mama, aliyekuja kutuletea chai akajikuta amewekwa kwenye usukani, akakanyaga kidogo. Chini ya vidole vyangu chuma kiliguna. Grr, kikatulia, grr, kikatulia. Ni kama meza ya jikoni, tena zaidi. Upande wa kulia hakikuwamo kitu hicho.

"Ndiye huyu," akasema baba.

Alipozitoa pedi za kushoto akanionesha. Nyuso zao ziling'aa kama kioo. Migongo yao ilikuwa mitupu. "Hapa pana vibati vyembamba," akasema, "vinakaa baina ya pedi na chuma. Vina utando wa mpira. Kazi yao ni kuituliza pedi, kama unavyomwekea mkono begani mtu anayetetemeka. Aliyebadilisha pedi mara ya kwanza amevitupa, na wa pili hakujua kuwa vilikuwapo." Pini moja ambayo chuma kile huteleza juu yake ilikuwa imekauka, haina girisi hata chembe, inakwenda kwa kukwama. Akasema mlio ulianzia kwenye pini hiyo, na kutupwa kwa vibati kukauzidisha.

Tukaenda duka la vipuri katika gari la mama. Muuzaji alianza kusema haraka haraka, kautazama ukuta, na mimi nikafungua mdomo nimjibie baba. Baba aliniwekea mkono mbele. Akaitoa pedi mfukoni, akaigeuza mgongo juu ya kaunta, akauchora kwa kidole umbo la kile kinachokosekana. Muuzaji akanyamaza, akatazama, akaingia ndani, akarudi na pakiti ndogo iliyojaa vumbi.

Akaifanya kazi yote mwenyewe: akaisafisha pini, akaipaka girisi isiyoyeyuka kwa joto, akapitisha msasa kwenye nyuso za pedi mpaka mng'ao ukaondoka, akazivisha vibati. Mikono yake hutetemeka kidogo akishika kikombe. Ikishika spana haitetemeki.

Saa nne jua limeshakuwa kali. Tukatoka mtaani kujaribu, yeye kakaa pembeni yangu, kiganja kakiweka juu ya dashibodi. Nikaenda mpaka tuta la kwanza, nikakanyaga kidogo.

Likalia. Tena kuliko jana.

Hapa nataka kusema kweli kama ilivyokuwa. Nilimtazama baba. Jasho lilikuwa likimtiririka kwenye ndevu, suruali imejaa girisi, tangu alfajiri hajakaa kitako. Alikuwa akinitazama usoni, anangoja. Ikanijia kwamba naweza kusema lolote, naye hatajua maisha yake yote. Nitalipeleka gari kwa fundi mwengine kwa siri, na yeye atabaki na furaha yake. Nikatabasamu, nikasema pole pole ili aipate midomo yangu, "Kimya, baba. Limenyamaza."

Aliendelea kunitazama. "Mabega yako yamepanda," akasema.

"Nini?"

"Ulipokanyaga, mabega yakapanda mpaka masikioni. Hivyo ndivyo unavyofanya likilia. Nilikutazama Ijumaa ile ulipofika nyumbani." Akaishusha sauti, na sauti ya mtu asiyesikia akiishusha huwa karibu haipo. "Mie sina masikio mengine ila yako, mwanangu. Ukinidanganya wewe, nnende kwa nani?"

Nililia palepale, mbele ya tuta, gari la nyuma linapiga honi. Nikamwambia, "Nisamehe, baba. Limelia sana."

"Hapo sawa," akasema. "Sana vipi? Kama mwanzo, au umebadilika?"

Nikajifuta macho, nikafikiri, maana alitaka jibu. "Umebadilika. Umeshuka kidogo. Si mwembamba kama ule wa mwanzo. Na haukai, unakatikakatika."

Uso wake ukang'ara. Sijui kama nimewahi kumpa baba zawadi ikampendeza kama maneno yale. "Basi tumeshaugusa," akasema. "Mlio ukibadilika sauti ujue umeshika mahali penyewe. Turudi."

Uani akazitoa pedi tena, akachukua tupa. Ukingo wa mbele wa kila pedi, pale diski linapoingilia, ulikuwa wima na mkali. Akaukwangua kwa mshazari, mara chache chache, anasita, anaupitishia kidole gumba, anakwangua tena. "Ukingo mkali unachimba," akaniambia. "Ukichimba unanasa. Ukiulaza unapita." Nilijaribu na mimi pedi moja. Akanishika kifundo cha mkono akanirekebisha pembe.

Baada ya adhuhuri tukatoka tena. Safari hii alinipeleka kwenye barabara mpya iliyonyooka, nyuma ya nyumba zinazojengwa, isiyokuwa na magari. "Sasa vizoeane," akasema. "Pedi na diski hawajuani. Nenda mwendo wa kiasi, ubane taratibu mpaka karibu kusimama, uachie, uende tena. Usisimame kabisa. Kila mara uniambie ulivyosikia."

Mara ya kwanza nikamwambia, "Umelia." Ya pili, "Umelia, mfupi." Ya tatu hivyo hivyo. Ya tano, "Mguno tu." Tukageuza gari, tukarudi, tukageuza tena. Harufu ya breki zilizopata moto iliingia kwenye vioo. Mara ya saba nilikanyaga nikasikia magurudumu yakipita juu ya changarawe, nikasikia feni ya kiyoyozi, nikasikia pumzi yangu. Nilirudia kabla sijasema, nikiwa na hofu. Nikarudia tena, kwa mguu mwepesi kabisa, ule mguu wa taa za Qurum.

"Sisikii kitu," nikamwambia. "Wallahi, baba. Kimya."

Alinitazama mabega. Kisha akaegemea kiti, kiganja bado kiko juu ya dashibodi. "Laini," akasema. "Kama kitambaa." Mpaka tunafika nyumbani hakukiondoa mkono ule.

Mama alikuwa barazani. Nililisimamisha gari mbele yake taratibu kabisa, naye akalitazama, akamtazama mumewe, akasema kwa kuunyoosha mdomo kwa kila neno ili asikose hata herufi, "Mashallah, fundi." Baba akajifanya hakuona, lakini alikwenda kukoga akiwa anaimba, na anapoimba yeye hajui kuwa sauti inafika jirani.

Jumapili nilipofika kazini mlinzi hakuninyanyulia kizuizi. Nilikaa mbele yake mpaka aliponiona, akaja mbio kuomba radhi. Nikamwandikia baba ujumbe kwenye simu: pwani, asubuhi, unyevu, mguu mwepesi, kimya. Akajibu: Alhamdulillahi, Jumamosi tutafungua gurudumu la kulia.

Nilimwuliza jioni, uso kwa uso. "La kulia halina ugonjwa, baba. Wewe mwenyewe umelipima."

"Halina, lakini vibati vyake vimetupwa vile vile. Nimeshakwenda kununua pakiti nyengine." Akanisukumia pakiti ile. "Na safari hii utafanya wewe. Mie ntatazama."

Jumamosi ile nilikaa chini uani, gurudumu la kulia limelala pembeni, spana mkononi, na baba kwenye kiti cha plastiki juu yangu. Ilinichukua mpaka alasiri kazi ambayo yeye angeimaliza kabla ya chai. Pini moja niliidondosha mchangani, akaniambia niioshe upya. Nilipozungusha diski na mama kukanyaga kidogo, nilifumba macho kama yeye, vidole vitatu juu ya chuma, nikasubiri. Hakikuguna. Nikafumbua macho nimwambie, nikamkuta ameshainuka kwenda kutawadha; mabega yangu yalikwisha kumwambia.